Kapu la familia linapopanda daladala

Saa 11 jioni, kituo cha daladala Buguruni, Dar es Salaam. Mama amesimama na mfuko wa salfeti miguuni. Ndani yake kuna unga wa sembe kilo 10, mchele kilo tano, maharage kilo tatu na sukari kilo mbili. Mkono mmoja ameshika kidumu cha mafuta ya kula lita tatu, na mwingine kifuko cha vibua alivyonunua tangu saa 8 mchana. Anakwenda Chanika.

Daladala la kwanza linafika likiwa limejaa. Konda anautazama mzigo kwanza, mwenye mzigo baadaye, kisha anasema mfuko huo utalipiwa. La pili halisimami kabisa. Jua linazama, vibua bado vipo mkononi, na nyumbani watoto wanasubiri.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kituoni hapo. Kabla ya kutoka sokoni, mama huyu alisimama mbele ya meza ya machungwa, karoti na mchicha. Pesa alikuwa nayo. Akaitazama mikono yake, akaitazama safari iliyoko mbele, akaviacha. Wiki hiyo watoto watakula ugali, wali na maharage. Matunda na mboga vitasubiri.

Huyo anaweza kuwa mzazi yeyote wa jiji hili. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 Dar es Salaam, na wengi wao wanakwenda sokoni kwa daladala, mwendokasi, bajaji, bodaboda au kwa miguu. Tukizungumza lishe ya watoto mara nyingi tunazungumzia kipato na elimu, na ni kweli vyote vina nafasi yake. Lakini kwa familia isiyo na gari kuna jambo la tatu linaloamua kitakachoingia kwenye sahani: uzito. Kinacholiwa nyumbani ni kile ambacho mtu aliweza kukibeba.

Hesabu ambayo wazazi wengi hawajaipiga

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kiasi cha mboga na matunda kinachofaa kuliwa kwa siku. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano anahitaji angalau gramu 250. Wa miaka sita hadi tisa, gramu 350. Kuanzia miaka 10 na kuendelea, wakiwamo watu wazima, gramu 400. Viazi na mihogo havihesabiwi hapa, kwa sababu hivyo ni vyakula vya wanga.

Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu wenye miaka minne, minane na 12. Wazazi wawili ni gramu 800. Watoto ni 250, 350 na 400. Jumla ni gramu 1,800 kwa siku, yaani karibu kilo mbili. Kwa wiki ni kilo 12.6, na hapo hujaweka maganda ya ndizi, kokwa za maembe wala mashina ya mchicha yanayotupwa.

Sasa rudi kwa yule mama wa Buguruni. Unga, mchele, maharage, sukari na mafuta vimeshafika kilo 22 na ushee. Ukimwongezea mboga na matunda ya wiki nzima anafika kilo 35. Hakuna mtu wa kubeba kilo 35 kwenye daladala la jioni, akiwa amesimama, kisha ashuke na kutembea hadi nyumbani.

Kwa hiyo anapunguza. Na anapopunguza, hapunguzi unga, kwa sababu unga ndio unaoshibisha. Anapunguza karoti, machungwa, papai na mboga za majani, vile vile vyakula ambavyo mwili wa mtoto unavitegemea kwa vitamini na madini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara na hali ya mama wakati wa ujauzito. Lakini mlo wa aina moja kila siku ni miongoni mwa sababu hizo, na huo ni mlo unaoweza kutokea hata katika nyumba yenye pesa ya kununua machungwa.

Jibu si kubeba zaidi. Jibu ni kuacha kununua kila kitu mahali pamoja na siku moja, kana kwamba kuna buti la gari linasubiri nje.

Gawa kapu mara tatu

Kapu la kwanza ni la vitu vikavu na vizito: unga, mchele, maharage, sukari, mafuta, sabuni. Hivi havina haraka, na vinaweza kununuliwa mara moja au mbili kwa mwezi. Kwa kuwa ni vizito, ndivyo vinavyostahili kulipiwa usafiri. Majirani watatu au wanne wakichanga, wanaweza kununua gunia la mchele na kulipia guta, bajaji ya mizigo au kirikuu kwa pamoja. Kila mmoja anagawana gharama, na hakuna anayegombana na konda. Mnunue kwa kilo, mkishuhudia mzani, kwa sababu ukubwa wa gunia hausemi kilichomo ndani.

Wapo pia wauzaji wa nafaka wanaopokea oda kwa simu na kumpakia bodaboda mzigo. Hilo linaokoa nusu siku. Ila mpokeaji afungue mfuko na kukagua kabla ya kutuma pesa, hasa kama ni mara ya kwanza kununua kwa mtu huyo.

Kapu la pili ni la vitu vyepesi vyenye lishe kubwa. Hapa ndipo mzazi asiye na gari anaweza kushinda. Nusu kilo ya dagaa wakavu inaingia kwenye mkoba wa kawaida, haihitaji friji, na ina protini nyingi. Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao wanampa mtoto madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa na meno. Kwa mtoto aliyeanza kula, baada ya kutimiza miezi sita, dagaa wanaweza kuchambuliwa, kuoshwa, kukaushwa na kusagwa, kisha unga wake ukatiwa kwenye uji au mboga. Choroko, kunde na karanga nazo ni nyepesi ukilinganisha na kazi zinazofanya mwilini. Hivi vinunuliwe kila mzazi anapopita sokoni, hata akiwa anatoka kazini.

Kapu la tatu ni la kila siku au kila baada ya siku mbili: mboga za majani, nyanya, matunda, mayai machache, samaki au nyama. Mahali pake ni gengeni, karibu na nyumbani.

Wapo wazazi wanaoliona genge kama mahali pa dharura, kwa kuwa fungu la nyanya ni ghali kidogo kuliko sokoni. Lakini genge linaondoa uzito na umbali, mambo mawili yaliyomshinda mama wa Buguruni. Mchicha wa asubuhi unapikwa mchana huohuo badala ya kunyauka kwenye mfuko. Trei la mayai 30 halipandi daladala likafika salama, ila mayai sita ya gengeni yanafika. Na mama wa genge akijua familia inanunua karoti na machungwa kila siku, naye atakuwa na sababu ya kuvileta.

Je, soko kubwa ni rahisi kweli?

Bei ya jumla inavutia. Tandale na Manzese zinajulikana kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi na matunda, Stereo ya Temeke kwa mboga, Feri kwa samaki. Lakini kabla ya kufunga safari, mzazi apige hesabu moja fupi: jumla ya nauli, igawanywe kwa tofauti ya bei ya kilo moja.

Kwa mfano, kama daladala kwenda na kurudi ni shilingi 1,400, na bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani kwa sababu ya mzigo ni shilingi 1,000, safari imegharimu shilingi 2,400. Kama mchele wa soko kubwa una nafuu ya shilingi 300 kwa kilo kuliko wa dukani mtaani, inabidi ununue kilo nane ili nauli tu irudi. Faida inaanzia kilo ya tisa. Anayekwenda kununua kilo tano amepata hasara, na amechoka bure.

Ndiyo maana soko zuri kwa mtu asiye na gari ni lile lililo kwenye njia anayopita tayari. Baba anayefanya kazi Kariakoo na kurudi Kimara kwa mwendokasi tayari amelipa nauli. Akirudi na kilo mbili za maharage mara moja kwa wiki, mwisho wa mwezi ameleta kilo nane bila safari hata moja ya ziada. Akipita kabla au baada ya saa za msongamano, mzigo nao unapata mahali pa kukaa.

Jua lina haraka kuliko konda

Sasa tuvizungumzie vile vibua. Vilinunuliwa saa 8 mchana. Mpaka mama afike Chanika, pengine itakuwa saa 1 usiku. Ni saa tano ndani ya mfuko, kwenye joto la Dar es Salaam.

Vyakula vinavyoharibika haraka, kama samaki, nyama, maziwa na chakula kilichopikwa, havitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kama joto limevuka nyuzi 32, jambo la kawaida hapa kati ya Desemba na Machi, muda huo unashuka hadi saa moja. Vimelea huzaliana upesi kwenye joto la kati ya nyuzi tano na nyuzi 60, na mfuko wa samaki ndani ya daladala uko katikati kabisa ya joto hilo.

Wengi hujitetea kwamba watapika hadi viive sana. Kupika vizuri huua vimelea vingi, lakini hakuondoi kila kitu. Samaki wa jamii ya vibua na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji anaweza kuwashwa mdomoni, uso ukawa mwekundu, akatokwa na vipele, akaumwa kichwa, akatapika au kuharisha muda mfupi baada ya kula. Familia hudhani mtoto ana mzio wa samaki, kumbe tatizo ni safari ya samaki huyo. Mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Njia za kujikinga hazina gharama kubwa. Samaki na nyama vinunuliwe mwisho, mtu akiwa anaelekea kituoni, au mtaani kabla ya kufika nyumbani. Kama lazima vitoke mbali, chukua hotipoti. Chombo kile kinachotunza joto la wali hutunza pia ubaridi: weka barafu au chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa pamoja na samaki, kisha funga vizuri. Ukifika nyumbani kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla hakijatumika tena kwa chakula kilichopikwa. Samaki mbichi asiguse matunda, nyanya wala chochote kitakacholiwa bila kupikwa. Sabuni ya unga, mafuta ya taa na dawa ya mbu navyo visafiri kwenye mfuko wao.

Ukinunua vingi, vitunze

Anayenunua nafaka za mwezi mzima anaepuka safari nyingi, lakini anapokea kazi nyingine, nayo ni kuvilinda. Jiji la pwani lina unyevu, na unyevu ni rafiki wa kuvu. Baadhi ya kuvu kwenye mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo kidogo na kwa muda mrefu huharibu ini, na imehusishwa na watoto kutokukua vizuri. Kupika kwa kawaida hakuimalizi.

Kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zisinunuliwe hata kama bei ni ya kutupa, na zisiingie kwenye unga wa lishe wa mtoto. Nyumbani, unga na nafaka vikae kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, juu ya kibao au stuli, mbali kidogo na ukuta. Usimimine unga mpya juu ya mabaki ya zamani. Kama nyumba inavuja au ina unyevu mwingi, nunua wa wiki mbili badala ya mwezi.

Mgongo nao ni wa familia

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kila anayekwenda sokoni anabeba kikapu au mfuko wake. Mfuko wa salfeti ni imara, na huo uimara ndio mtego, maana unabeba hata uzito ambao mgongo hauwezi.

Ni afadhali mifuko miwili yenye uzito sawa, mmoja kila mkono, kuliko mmoja mkubwa upande mmoja. Wakati wa kunyanyua, piga magoti, sogeza mzigo karibu na mwili, kisha simama kwa nguvu ya miguu. Usiiname kiunoni na kuvuta. Usijipinde huku umebeba, geuza miguu. Kamba ikikata vidole, izungushie kitambaa.

Mjamzito asibebe mzigo mzito, na mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Hapa ndugu, shemeji na majirani wana kazi. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, ganzi au udhaifu wa mguu si uchovu wa soko tu, ni sababu ya kwenda kupimwa.

Bodaboda inahitaji tahadhari zaidi. Kumpakia mtoto katikati, mfuko wa unga mbele ya dereva na kidumu cha mafuta mkononi ni jambo linaloonekana kila siku, nalo ni hatari. Mzigo wa mbele unambana dereva asikate kona vizuri, na mzazi aliyejaza mikono hawezi kumshika mtoto pikipiki ikiyumba. Mzigo ukiwa mkubwa, mtoto abaki nyumbani na mtu mzima, au wapande bajaji. Kama pesa ya bajaji haipo, mzigo na upungue.

Kazi isiwe ya mtu mmoja

Katika nyumba nyingi, mama ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, ndiye anayekwenda, ndiye anayebeba na ndiye anayepika. Mikono yake ikijaa, mlo wa familia nzima unapungua. Familia ikikaa Jumapili jioni kwa dakika kumi, ikaandika nini kimeisha na nani anapita wapi wiki hiyo, mzigo unagawanyika wenyewe. Baba analeta maharage na mchele. Kijana wa sekondari anapita gengeni kuchukua mchicha na ndizi akitoka shule. Binti wa miaka 10 anaweza kubeba kifuko cha karoti na kujifunza kuchagua zilizo ngumu na zisizo na madoa. Mzigo wa mtoto uwe mwepesi, na atumwe mchana, mahali pa karibu panapojulikana.

Turudi Buguruni. Mwezi ujao mama yule anaweza kwenda sokoni tena. Safari hii unga na mchele vitakuja na guta, pamoja na vya majirani wawili. Yeye atabeba nusu kilo ya dagaa, kilo moja ya choroko na machungwa kumi. Atapanda daladala mkono mmoja ukiwa huru wa kushika bomba. Atashuka Chanika, atapita gengeni kwa mchicha, na kama kuna samaki aliyevuliwa asubuhi na kukaa kwenye barafu, atamchukua hapo.

Konda hatamwambia kitu. Na usiku huo, kando ya ugali, patakuwa na mboga ya majani, na chungwa kwa kila mtoto.